Sindano ya Saa Sita na Nusu

Sitaki mtu aniambie ilikuwa bahati mbaya. Watu wamekuja kunipa pole, wamekaa kwenye kochi langu, wamekunywa chai yangu, na kila mmoja amesema hivyohivyo, bahati mbaya, nami nimewaitikia huku nimeuma meno. Bahati mbaya ni nazi kukuangukia kichwani. Mimi niliandika mwenyewe, kwa vidole vyangu, asubuhi, nimeketi kitini, kichwa kimetulia.

Mama yangu mdogo ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa bado sijaota meno ya pili, na yeye akanichukua, akanipeleka kwake, kijijini ukishapita Mtawanya ukielekea Kilambo, kwenye mikorosho na mihogo yake. Kunisomesha alinisomesha yeye. Kwa hiyo nikisema mama, namaanisha yeye.

Mama ana kisukari, anachoma insulini. Kwa muda mrefu shida yetu haikuwa dawa, ilikuwa kusahau. Siku nyingine hachomi kabisa, siku nyingine anachoma mara mbili kwa sababu hakumbuki kama alishachoma. Tuligombana sana. Mimi nina hasira za karibu, na yeye ana kichwa kigumu. Nikimwambia mama, andika kwenye daftari, ananijibu, "Nangu na daftari wapi na wapi?" Nangu ni mimi kwa Kimakonde, na akianza kusema nangu ujue mazungumzo yamekwisha.

Basi hospitali ninayofanya kazi ya kompyuta, hapa Mtwara mjini, ilipoamua kuwakumbusha wagonjwa wa kisukari kwa meseji, mtu wa kwanza niliyemwingiza alikuwa yeye. Nilikwenda mpaka kijijini kumwelekeza. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamshika mikono miwili, nikamwambia kwa ukali ambao leo unanirudia masikioni: "Mama, sikiliza. Kuanzia leo usitumie akili yako. Simu ikilia, unachoma. Isipolia, huchomi. Umenielewa?"

Akanitazama. Akasema, "Nimeelewa, mwanangu. Usinifokee."

Meseji yenyewe niliitunga mimi. Wengi wa wagonjwa wetu ni watu wazima, na mimi sikuweza kumwandikia mtu wa umri wa mama yangu amri kavu kama askari. Nikaanza na salamu: "Shikamoo. Muda wa sindano umefika. Choma sasa." Wenzangu ofisini walinicheka, wakasema sasa kompyuta nayo ina adabu. Nikawaambia ndiyo, imefundishwa na Mmakonde.

Ilifanya kazi vizuri karibu miaka miwili. Mama hakukosea tena hata siku moja, na sukari yake ikashuka ikakaa pale daktari alipotaka. Nilijipiga kifua. Kila mgeni aliyefika ofisini alisimuliwa habari za meseji zangu, atake asitake.

Sasa ngoja niseme kosa lilipokuwa, na nitalisema polepole kwa sababu hata daktari wetu nilimweleza mara tatu. Programu ile ya kutuma meseji iliandikwa na jamaa mmoja wa Dar es Salaam. Haiji peke yake. Inakuja imefungwa pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi, na fungu zima sisi wa kazi hii tunaliita kontena. Mama aliposikia hivyo aliniuliza kama nimehamia bandarini. Unaiandikia mashine jina la kontena, nayo inakwenda kulichukua kwenye ghala lililoko mtandaoni. Mbele ya jina unapaswa kuandika namba ya toleo unalolitaka. Usipoiandika, mashine haikuulizi kitu wala haikuonyi. Inajaza yenyewe neno "latest", yaani la karibuni kabisa, na inakuletea chochote kilichobandikwa neno hilo siku hiyo.

Ni kama kuagiza dukani "nipe unga ule wa siku zote." Wewe unajua unga gani unaoumaanisha. Muuzaji naye anajua unga alio nao leo.

Mimi sikuandika namba. Siku ya kwanza sikuandika, na mashine ikaniletea kontena zuri, na ikalitunza. Umeme ukikatika ukarudi, inawasha lilelile. Nikiizima nikaiwasha, lilelile. Miaka miwili ya lilelile, nikaamini kwamba nililoliandika ndilo nililo nalo. Nilikuwa na karatasi yenye amri zote za kuwasha mfumo, nimeibandika ukutani kwa selotepu, na jina lile likiwa pale halina namba, limekaa kama mtu asiye na hatia.

Na jambo jingine la kwetu. Muuguzi wa kliniki ya kisukari, mama mmoja wa Kihaya aliyehamia huku kikazi, aliingiza saa za wagonjwa kama sote tunavyozisema. Mtu anayechoma saa kumi na mbili na nusu jioni aliandikiwa 12:30 jioni. Nani hapa angeandika kumi na nane na nusu? Jamaa wa Dar aliijenga programu yake ikahesabu hivyohivyo, saa za Kiswahili, na ndiyo maana tuliipenda.

Mwezi wa Ramadhani ulipofika, mama alikataa kata kata kuacha kufunga. Daktari alimwambia ana ruhusa, sheikh wa kijijini naye alimwambia ana ruhusa, akawajibu wote kwamba Mungu anamjua. Mwishowe daktari akampangia upya: kipimo kimoja, jioni tu, anapoketi kufuturu. Adhana, tende, sindano, uji, kisha mihogo yake. Muuguzi akaandika 12:30 jioni. Siku kumi za mwanzo zikapita salama, mama akinipigia kila jioni kunisimulia alichofuturu.

Siku ya kumi na moja tulipokea mashine mpya. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, ikipata joto inanguruma mpaka unaisikia ukiwa koridoni. Nilianza kuhamisha mfumo saa tatu asubuhi. Taarifa za wagonjwa zikahamia bila tatizo. Nikabandua karatasi yangu ukutani, nikaandika amri zangu neno kwa neno. Mashine mpya haikuwa na kitu tumboni, ikaenda ghalani kuchukua kontena, na mimi nikakaa nikitazama linavyoshuka.

Nikajaribu. Nilijitumia meseji mimi mwenyewe, simu yangu ikatetemeka mezani: "Shikamoo. Muda wa sindano umefika. Choma sasa." Nikacheka, nikaiambia simu, "Marahaba." Muuguzi alikuwa mlangoni akacheka pia. Kufika saa tano nilikuwa nimemaliza, nikajiona fundi kweli.

Saa sita na nusu mchana ilipogonga na dakika zake, muuguzi alirudi. Safari hii hakucheka.

"Dada, wazee wananipigia simu. Wanasema meseji ya jioni imeingia sasa hivi."

Mimi nikasema, na maneno haya nayakumbuka yote, "Wapuuze tu, hiyo ni ya jana. Mtandao umeichelewesha."

"Una hakika?"

"Mama, mimi nimefunga na nimechoka. Nina hakika."

Akaenda kuwaambia wapuuze. Ni mtu mzuri na mtiifu, na mimi ndiye niliyejulikana kwa kujua. Lakini walioambiwa wapuuze ni wale waliopiga simu. Mzee mmoja wa Mikindani alikuja mpaka hospitali na simu yake mkononi kuuliza kulikoni, akaambiwa, akarudi zake. Mama yangu hakupiga simu. Na mimi sikumpigia. Nimejiuliza sana kwa nini sikumpigia, na jibu ni la aibu: nilidhani mwanamke mbishi kama yule hawezi kuchoma sindano ya futari jua likiwa utosini. Nilisahau kwamba ubishi wake niliukata mimi.

Saa tisa na robo simu ikaita. Alikuwa jirani yake, mama mtu mzima aliyemzidi hata mama yangu umri.

"Mwanangu, mama yako kalala hapa kwenye makopa, haamki. Alikuwa anageuza mihogo yake juani. Jasho linamtoka, kalowa chapachapa."

Nikamwuliza, "Kachoma sindano?"

"Sindano naiona hapa kwenye kibao, na kichupa."

Lahaula! Sijui nilisimama saa ngapi, nilijikuta nimesimama tu. Insulini ya futari nzima, tumbo halina kitu tangu daku, chini ya jua. Nikamwambia, "Mlaze ubavu! Chukua sukari, lowanisha kidogo, au asali, mpakaze ndani ya shavu. Sasa hivi!"

Nikasikia upepo wa kanga tu, anampepea.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Lakini amefunga."

Yule mama hakuwa mjinga, na wala hakuwa na roho mbaya. Alikuwa ameishi miaka yake yote akijua kwamba mtu akizimia mwezi wa mfungo unamkalisha kivulini, unampepea, na saumu yake unaiheshimu mpaka aamke aamue mwenyewe. Akaendelea, kwa sauti ya kubembeleza, "Jua limebaki kidogo tu. Akiamka akajua mimi ndiye niliyemvunjia saumu, nitamtazamaje?"

"Usipomtia sukari haamki! Hataamka, hutamtazama popote! Ukimwacha afe nitakushitaki, wallahi nitakushitaki!"

Mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, nilimwambia hivyo. Ofisi nzima iligeuka kunitazama. Nikasikia kwenye simu anaita mtu alete asali, kisha nikamsikia anasema bismillahi, mara mbili, kisha simu ikakatika.

Nilitoka mbio bila viatu vya kazini, na ndara za ofisini, nikarukia pikipiki ya kwanza niliyoikuta getini. Tulikutana njiani, karibu na Mtawanya. Walikuwa wamempakia kwenye bajaji, kichwa kikiwa mapajani mwa jirani, mdomo wake umepakazwa asali mpaka kidevuni, na jirani analia bila sauti. Niliingia nikabanana nao. Nilimgusa mama mkono, ulikuwa wa baridi na umelowa, na saa ileile kijua cha saa kumi kinaunguza. Nilimwita. Macho yalikuwa nusu wazi lakini hayakunitazama mimi.

Hospitalini walimtundikia maji ya sukari. Muuguzi ndiye aliyetafuta mshipa, na alipoupata alipiga ishara ya msalaba kifuani akanigeukia. Hakunikumbusha ile hakika yangu. Afadhali angenikumbusha.

Mama alizinduka kabla ya magharibi. Alizinduka kidogokidogo, kwanza vidole, kisha akalamba mdomo. Akauonja ule utamu. Akakunja uso.

"Nani amenilisha?"

"Mimi, mama. Mimi ndiye niliyesema."

"Haya," akasema. "Nitailipa hiyo siku." Kisha akanitazama sana, na akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuuliza. Hukunijibu."

Nikamgeukia muuguzi nikamwambia bado anaweweseka, sukari haijapanda vizuri. Muuguzi akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amezinduka, bado hajatulia. Adhana ikasikika nje, mama akaomba maji, nikamnywesha.

Kesho yake asubuhi nilimpigia jamaa wa Dar es Salaam. Nilikuwa nimejiandaa kumrarua. Nilimwambia programu yako imetaka kuniulia mama. Akashtuka, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza jambo moja tu.

"Dada, uliandika namba ya toleo?"

Nikaivuta ile karatasi yangu ya amri.

"Kwa sababu toleo jipya linahesabu saa za kimataifa. Tumepata watumiaji wa nchi nyingine, hawaelewi saa zetu. Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa programu mtandaoni, kwamba mwenye taarifa za saa za Kiswahili abaki na toleo la zamani. Toleo la zamani bado lipo, sijalifuta. Ungeandika namba tu."

Nilifungua ukurasa ule nikiwa bado naye kwenye simu. Ni kweli. Herufi kubwa, na maandishi mekundu. Kwa programu ile mpya, 12:30 jioni maana yake ni nusu saa baada ya adhuhuri yao, yaani saa sita na nusu mchana yetu, jua likiwa katikati ya kichwa cha mama yangu. Haikuharibika. Ilifanya kazi yake sawasawa kabisa, kwa dakika yake, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ingeanguka ningejua. Ingekataa kuwaka ningejua. Kumbe mashine ya zamani na mashine mpya zilikuwa na jina moja na makontena mawili tofauti, na mimi nilizitazama zote mbili nikaona kitu kimoja.

Nilishindwa kumrarua. Nilimshukuru nikakata simu, na nikaandika ile namba. Tarakimu tatu na nukta mbili katikati. Haikunichukua hata muda wa kupiga chafya. Kazi ya kuokoa maisha ya mama yangu ilikuwa ndogo kiasi hicho, na niliiacha kwa uvivu wa vidole.

Baada ya kurudisha toleo la zamani, nilitaka kuhakikisha ni meseji zipi zilikwenda saa ile na kwa nani, ili tuwapigie wote. Programu inahifadhi zinazotoka kwenye jedwali moja. Nikakagua, tukawapigia, wote walikuwa wazima. Chini ya jedwali lile kulikuwa na jingine ambalo sijawahi kulifungua tangu tuanze. La zinazoingia. Laini ile ya simu ni laini kama nyingine yoyote, mtu akijibu, jibu linafika. Ila hatukuwahi kuweka mahali pa kulisoma. Hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu atajibu.

Nikafungua.

Marahaba. Marahaba. Marahaba mwanangu. Marahaba, ahsante. Ukurasa baada ya ukurasa, wazee wa Mtwara yote, wa Mikindani, wa vijijini, kwa miaka miwili. Niliwapa shikamoo, na wao si watu wa kuiacha shikamoo ikaning'inia. Wengine waliuliza hali. Mmoja aliniombea dua kila Ijumaa.

Nikatafuta namba ya mama.

Alikuwa amejibu kila siku. Kila siku bila kukosa. "Marahaba mwanangu nimechoma." "Marahaba mwanangu nimechoma, na wewe umekula?" "Marahaba. Mvua kubwa huku. Nimechoma." Alidhani ni mimi, ninatumia simu ya kazini. Nilikuwa nimemwambia fuata simu, na salamu niliitunga mimi, na yeye aliamini kwamba kila siku, popote nilipo, mwanawe anaacha shughuli zake anashika simu kumkumbusha. Ndiyo maana hakukosea hata siku moja. Hakuwa anaitii kompyuta.

Nikashuka mpaka siku ya kumi na moja ya mfungo. Majibu yalikuwa matatu.

La kwanza lilifika dakika mbili baada ya saa sita na nusu. "Marahaba mwanangu. Mbona leo mapema? Jua bado."

La pili, robo saa baadaye. "Mwanangu nimefunga. Nichome kweli? Nijibu."

Kisha nusu saa nzima hakuna kitu. Nusu saa hiyo mimi nilikuwa ofisini, simu yangu iko mezani mbele yangu, nimetoka kumwambia muuguzi kwamba nina hakika.

La tatu. "Haya mama. Wewe ndiye unayejua. Nimechoma."